Tafakari ya kila siku kwa Mkatoliki wa Dodoma: Misa ya asubuhi, redio, simu, au Biblia na kalenda?

Aliyeamua kufuata masomo ya Misa ya kila siku hapa Dodoma hakosi pa kuanzia. Kengele ya parokia inalia jua halijatoka, jirani amefungulia redio kwa sauti ya kutosha nyumba tatu, na kabla hujanawa uso kundi la jumuiya kwenye WhatsApp limeshapokea tafakari za mapadre watatu tofauti. Wengi wetu huanza na zote kwa pamoja Jumatano ya Majivu. Ikifika Dominika ya pili ya Kwaresima hatujashika hata moja.

Nalinganisha hapa njia nne ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzishika siku sita au saba kwa wiki: Misa ya asubuhi parokiani, redio, simu, na Biblia ikiandamana na kalenda ya liturujia. Jumuiya ndogondogo, yaani familia jirani zinazosali pamoja, sikuiweka kwenye mizani kwa kuwa inakutana mara moja kwa wiki, ingawa nitaigusa mbele.

Vigezo

Cha kwanza ni Neno lenyewe. Je, njia hii inakusomea somo zima kabla mtu hajaanza kulifafanua? Nimekitanguliza makusudi. Tafakari nyingi zinazotusisimua hutaja sura na aya, kisha mhubiri anaendelea na hadithi zake. Jioni tunakumbuka kisa cha mbuzi wa jirani, wala hatukumbuki Yesu alisema nini.

Kigezo hiki kinategemea jinsi masomo yalivyopangwa. Mpango tunaoutumia ulitoka mwaka 1969, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuagiza kwamba waumini wafunguliwe Biblia kwa upana zaidi. Dominika zinazunguka kwa miaka mitatu: A ni Mathayo, B ni Marko, C ni Luka, na Yohane anagawiwa humohumo. Siku za juma katika kipindi cha kawaida, Injili ni ileile kila mwaka. Marko anasomwa juma la 1 hadi la 9, Mathayo hadi la 21, Luka hadi la 34. Linalobadilika ni somo la kwanza: miaka ya witiri tunafuata Mwaka wa I, miaka ya shufwa Mwaka wa II. Kwa hiyo 2026 ni Mwaka A kwa Dominika na Mwaka wa II kwa siku za juma. La kushika ni kwamba somo la kwanza huenda kwa mfululizo, kitabu kimoja hadi kiishe. Anayedonoa siku mbili kwa wiki hupata vipande.

Cha pili ni watakatifu. Kalenda ina ngazi, kuanzia ya juu: sherehe, sikukuu, kumbukumbu, na kumbukumbu ya hiari. Ngazi ndiyo inayoamua kama masomo yanabadilika au siku inaendelea na masomo yake ya kawaida. Tena juu ya kalenda ya Kiroma, ambayo ni ya Kanisa lote, kuna kalenda ya nchi, ya jimbo na ya shirika la kitawa. Njia nzuri inakupa mtakatifu wa siku kwa ngazi yake halisi na haiwasahau wa nyumbani.

Cha tatu ni muda na mfuko. Cha nne ni nani hasa anafaidika.

Ili tusilinganishe hewani, tuchukue siku chache za kweli. Alhamisi tarehe 15 Oktoba 2026, kumbukumbu ya Mtakatifu Teresa wa Avila, somo la kwanza linaanza Waraka kwa Waefeso na kuufuata kwa wiki mbili. Jumatatu tarehe 19, juma la 29, tunasoma Efe 2:1-10 na Lk 12:13-21, yule tajiri mwenye ghala. Siku hiyohiyo kalenda ya Kiroma ina kumbukumbu mbili za hiari: mashahidi wa Amerika ya Kaskazini, Yohane de Brébeuf, Isaka Jogues na wenzao, na Mtakatifu Paulo wa Msalaba. Huyu wa pili ndiye mwanzilishi wa Wapasionisti, wamisionari waliokuja Dodoma kutoka Italia miaka ya 1930, na Kanisa Kuu letu lina jina lake. Jumatano tarehe 21 ni siku ya Mtakatifu Gaspari del Bufalo. Hayumo kabisa kwenye kalenda ya Kiroma, ila ni mwanzilishi wa Wamisionari wa Damu Azizi, ambao watu wa Dodoma na Singida wanawafahamu vizuri. Hospitali ya Itigi inaitwa kwa jina lake. Siku hizo zinatosha kupima njia yoyote.

1. Misa ya asubuhi

*Neno lenyewe.* Hapa huna shaka. Somo la kwanza, Zaburi na Injili vinasomwa vyote, kwa sauti, mbele ya watu. Homilia siku za juma si lazima. Kanisa linaidai Dominika na sikukuu za amri, na kuisisitiza zaidi Majilio, Kwaresima na Pasaka. Kuna padre anayetoa maneno ya dakika tatu na kuna anayekwenda moja kwa moja kwenye vipaji. Anayekuja kwa ajili ya mahubiri tu atasikitika. Ila hizo dakika tatu zina kitu ambacho njia nyingine hazina: anayesema anawajua anaowaambia. Padre wa Kibaigwa akisoma "nitazivunja ghala zangu, nijenge nyingine kubwa zaidi" mbele ya watu waliolaza magunia ya mahindi wakingoja bei ipande, hahitaji kwenda Palestina kutafuta mfano. Anashusha kitabu, anawatazama, wanaelewana.

Udhaifu wake ni kwamba neno likikupita limekupita. Msomaji akimeza maneno, au spika ya nyuma ikikoroma, huna pa kurudia.

*Watakatifu.* Hakuna njia inayoishinda. Tarehe 19 Oktoba, kwenye Kanisa Kuu lenyewe, Paulo wa Msalaba anapanda toka kumbukumbu ya hiari hadi sherehe, kwa sababu ndiye somo, yaani mtakatifu msimamizi, wa kanisa lile. Masomo nayo yanabadilika: badala ya tajiri wa Luka utasikia masomo ya sherehe. Ukisali siku hiyo parokia nyingine ya mjini unaweza kukuta Luka palepale. Wote wako sahihi. Ngazi hizi mtu huzielewa haraka akiona kanzu ya padre imebadilika rangi kuliko akisomewa maelezo.

*Muda na mfuko.* Parokia nyingi za mjini husali kama saa kumi na mbili au kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa anayekaa Area C au Majengo hiyo ni mwendo wa miguu. Kwa wa Nala au Ihumwa ni nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, kila siku ya Mungu, na mtumishi anayetakiwa awe mezani Mtumba, kwenye mji wa Serikali, saa moja na nusu atatoka kanisani akikimbia. Na tuseme ukweli kuhusu vijijini: kigango kinachopata padre mara moja kwa mwezi hakina Misa ya kila siku ya kuchagua.

*Inamfaa* anayekaa karibu na kanisa, mstaafu, mwanafunzi wa hosteli yenye kanisa jirani, na yeyote ambaye peke yake hashiki ratiba mpaka awe na watu wanaomtazamia. Tena ndiyo njia pekee kati ya nne inayokupa Ekaristi. Hizi nyingine ni maandalizi yake au mwangwi wake, na hakuna hata moja inayoondoa wajibu wa Dominika.

2. Redio

*Neno lenyewe.* Redio Maria Tanzania na Redio Mwangaza ya hapa Dodoma ndizo zinazotajwa zaidi mtaani. Redio ya Kikatoliki inayorusha Misa inakupa masomo kamili kama uliyeko kanisani. Kipindi cha tafakari peke yake hutofautiana kwa mtangazaji: mmoja anasoma Injili yote kwanza, mwingine anaanzia kwenye ufafanuzi. Sikiliza siku chache kabla hujajifunga. Kikwazo kikubwa kinajulikana: redio haingoji. Maji yamechemka, mtoto analia, umerudi sebuleni wameshafika "tumshukuru Mungu".

*Watakatifu.* Redio ya taifa zima inakwenda na kalenda ya nchi, na hapo wa nyumbani wanaweza kutajwa kwa sentensi moja au wasitajwe. Redio ya jimbo ina nafasi kubwa zaidi ya kumkumbuka Paulo wa Msalaba. Kwa Gaspari, tegemea zaidi wakati padre wa shirika lake ndiye yuko zamu. Kwa watakatifu wakubwa wa Afrika redio huwa nzuri sana, hasa kuelekea tarehe 3 Juni, Karoli Lwanga na wenzake. Habari za mashahidi wa Uganda, waliouawa kati ya 1885 na 1887 na kutangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, zina nguvu ya pekee zikisimuliwa kwa sauti. Bibi asiyejua kusoma anaweza kukutajia Kizito na Mbaga, na alivyowajua ni kwa masikio tu.

*Muda na mfuko.* Rahisi kuliko zote. Redio ndogo ya betri au ya sola, basi. Redio Maria haitangazi biashara, inaendeshwa kwa michango ya wasikilizaji na watu wa kujitolea, kwa hiyo hukatishwi na tangazo la sabuni katikati ya Injili. Utaombwa kuchangia, na ni haki yao kuomba. Usikivu hauko sawa kila mahali: kuna kijiji unachopata mawimbi safi na kuna bonde ambalo inabidi redio ikae dirishani kwa pembe moja tu. Jaribu nyumbani kwako, usitegemee simulizi ya wa mjini.

*Inamfaa* anayefanya kazi kwa mikono na masikio yako huru: mama anayepika vitumbua, fundi cherehani, dereva, mtu wa shambani wakati wa palizi. Inafaa pia nyumba yenye watu wa rika zote, kwa kuwa ndiyo pekee inayowafikia wote kwa mara moja bila mtu kuamriwa akae chini. Mgonjwa wa kitandani na mzee ambaye macho yamechoka wataithamini zaidi ya sisi wote.

3. Simu

Njia hii ina mambo mengi ndani yake, na kuyaita yote "tafakari za mtandaoni" ni kuyachanganya. Kuna maandishi na sauti zinazotumwa kwenye makundi ya WhatsApp. Kuna mapadre na watawa wenye chaneli za YouTube. Kuna tovuti ya Vatican News kwa Kiswahili. Kuna programu za Biblia na za masomo ya siku. Ubora wake unatofautiana mno, hata simu moja inaweza kukupa iliyo nzuri kabisa na iliyo mbovu kabisa asubuhi hiyohiyo.

*Neno lenyewe.* Tafakari ya maandishi iliyo nzuri huweka masomo yote juu, ufafanuzi chini, na sala fupi mwishoni. Faida yake hakuna anayeikana: unarudia utakavyo. Unasoma Efe 2 kituoni ukingoja daladala, unaisoma tena mchana, mstari uliokuchoma unauhifadhi. Sauti ni nzuri pia, ila nyingi zinazozunguka hazisomi Injili. Zinataja "Luka kumi na mbili", kisha dakika kumi na tano za mahubiri, na kwa kuwa msikilizaji hakufungua Biblia, Luka kumi na mbili inabaki kuwa namba tu.

Halafu kuna suala la chanzo. Ujumbe wenye alama ya mishale miwili juu umeshapita kwenye mikono mingi, na jina la aliyeandika mara nyingi limeshakatwa. Humo ndimo unakutana na "ahadi kumi na mbili za mtakatifu fulani" ambazo hakuna ajuaye zilitoka wapi, na maneno ya kutisha kwa atakayevunja mnyororo. Kwangu mimi tafakari isiyo na jina la mwandishi wala tarehe ya liturujia haisomwi, hata kama imetumwa na mwenyekiti wa jumuiya. Anayetuma hana nia mbaya. Anatuma tu kilichomgusa.

*Watakatifu.* Hapa simu ina utajiri wa ajabu na mtego wake. Utajiri ni kwamba kila mtakatifu ana wasifu, picha na video. Tarehe 8 Februari, Yosefina Bakhita: msichana wa Sudan aliyeuzwa utumwani, akawa mtawa Italia, akatangazwa mtakatifu mwaka 2000. Ndani ya dakika tano unapata maisha yake yote. Mtego ni kalenda za nchi nyingine. Kalenda ya Marekani inampeleka Paulo wa Msalaba tarehe 20 Oktoba ili tarehe 19 ibaki ya mashahidi wao. Mtu akitafsiri tafakari ya huko na kuirusha Kiswahili bila kuangalia, unaamka tarehe 20 ukisoma habari za somo wa Kanisa Kuu lako siku moja baada ya jimbo kumaliza kumshangilia. Gaspari humwoni kabisa, isipokuwa umejiunga na kundi la watu wa Damu Azizi.

Kosa jingine la kawaida ni kupandisha ngazi. Kila mtakatifu anaitwa "sikukuu", kila siku ni siku kubwa. Perpetua na Felisita, mashahidi wa Karthago waliouawa mwaka 203, wana kumbukumbu tarehe 7 Machi. Siku hiyo ikiangukia ndani ya Kwaresima, kama inavyotokea karibu kila mwaka, Kwaresima ndiyo inayotawala na wao wanakumbukwa kwa sala tu. Tafakari za simu mara nyingi hulisahau hilo na kumpa msomaji siku ya shangwe katikati ya majivu.

*Muda na mfuko.* Maandishi hayali bando. Sauti zinakula kiasi, video zinakula kweli, na mwenye kifurushi cha siku atakuta kimekwisha kabla ya "Baba Yetu". Gharama isiyohesabiwa ni umakini. Umefungua simu usome Injili, juu imetokea meseji ya mkopo, chini kuna picha ya harusi ya binamu, na kwenye kundi lilelile la jumuiya mtu ameweka tangazo la kiwanja Nala. Anayetaka kutumia simu azime data akishapakua masomo. Ni hatua ndogo, na kwa maoni yangu ndiyo inayotenganisha anayesali kwa simu na anayechezea simu.

*Inamfaa* mtumishi mwenye safari nyingi, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ambaye simu ndiyo maktaba yake, na aliyehama parokia hivi karibuni na bado hajaijua mpya. Dodoma tangu Serikali ihamie imejaa watu wa namna hiyo. Haimfai mtu ambaye tayari anajijua: akiishika simu asubuhi hairudishi mezani mpaka saa mbili.

4. Biblia na kalenda ya liturujia

*Neno lenyewe.* Kalenda ya liturujia ni kijitabu chembamba. Mstari wa tarehe 19 Oktoba unakupa rangi, juma, ngazi ya siku na namba za masomo, hauna neno la ziada. Kazi iliyobaki ni yako: fungua Efe 2, fungua Zaburi, fungua Luka 12. Hakuna anayekutafunia. Kwa wengine huo ndio uzuri wake, kwa wengine ndiyo sababu ya kuacha wiki ya pili.

Aliyezoea kusomewa anaweza kufuata njia ya zamani ya watawa, ambayo Guigo wa Pili, mmonaki Mkartusi wa karne ya 12, aliipanga kwa hatua nne: kusoma, kutafakari, kusali, na kukaa kimya mbele za Mungu. Kwa vitendo: soma Injili polepole mara mbili, chagua neno moja lililokushika, liulize linataka nini kwako leo, mwambie Mungu. Robo saa inatosha. Jambo moja ambalo njia nyingine haziwezi kukupa kirahisi ni mfululizo. Ukianza tarehe 15 Oktoba na Efe 1, ukaenda siku kwa siku, mwishoni mwa mwezi umeusikia waraka karibu wote kama barua ya mtu mmoja kwa watu wake. Ile "mlikuwa mmekufa" ya Jumatatu inakuwa jibu la shangwe ya Alhamisi iliyopita. Anayedonoa hapati hilo.

Angalia Biblia yako ina vitabu vingapi. Ya Kikatoliki ina 73. Nyingi zinazouzwa bei nafuu, na nyingi za bure kwenye simu, zina 66. Utakwenda vizuri miezi mingi, kisha kalenda itakuandikia Yoshua bin Sira, na huyo Sira humwoni. Mwaka wa II hili linatokea kwa nadra. Mwaka wa I ni balaa: Novemba 2027, juma la 32 ni kitabu cha Hekima karibu wiki nzima, na juma la 33 ni Wamakabayo. Ukinunua mpya, uliza yenye Deuterokanoni, yaani vitabu hivyo saba vya ziada. Ukinunua kitabu cha tafakari cha kusindikiza, angalia kurasa za mwanzo kama kina ruhusa ya askofu. Na misale, kitabu cha sala na masomo ya Misa, isikudanganye: kuna za Dominika na sikukuu tu, kwa hiyo fungua ndani uone kama siku za juma zimo.

*Watakatifu.* Kalenda inakupa ngazi sahihi, jina, na basi. Hutajua Teresa wa Avila alikuwa nani. Hapo unahitaji kitabu cha maisha ya watakatifu au katekista mwenye kumbukumbu. Wa nyumbani inategemea kalenda imetolewa na nani. Dawa ni ndogo: chukua kalamu, uliza ofisi ya parokia siku za somo wa parokia, za kutabarukiwa kwa kanisa na za waanzilishi wa mashirika yaliyoko jimboni, uziandike pembeni mwa tarehe. Kalenda iliyoandikwa kwa mkono hivyo inaishinda programu yoyote ya simu.

*Muda na mfuko.* Biblia unanunua mara moja, kalenda kila Majilio, kwa sababu mwaka wa Kanisa unaanza hapo na si Januari. Wengi hununua Januari na kukuta wameshakosa mwezi mzima. Haihitaji umeme, mtandao wala chaji.

*Inamfaa* anayependa kimya, mwanandoa anayetaka kusali na mwenzake usiku watoto wakilala, katekista, na aliyechoka kusikia sauti za watu na anataka kusikia ya Bwana wake. Asiyesoma kwa urahisi hapaswi kulazimishwa huku kwa jina la uchaji.

Na jumuiya je?

Jumuiya inasoma Injili ya Dominika inayokuja, mara nyingi Jumamosi asubuhi, na watu wanaeleza neno lilivyowagusa. Pale inapofanywa vizuri ni chujio la njia zote nne: uliyoyasikia redioni au kuyasoma kwenye simu unayapeleka mbele ya watu wanaokujua, na mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) aliyekaa kwenye kigoda atakuuliza swali moja linalokurudisha chini. Pale inapogeuka kikao cha michango, utatafuta lishe yako kwingine katikati ya wiki.

Kwa hali yako

Kama unakaa umbali wa kutembea toka kanisani na asubuhi yako iko huru, anza na Misa, hata mara tatu kwa wiki, na siku unazokosa soma masomo yake kwenye kalenda ili mfululizo usikatike.

Mtumishi wa Mtumba anayetoka nyumbani gizani: pakua masomo usiku, zima data, soma kwenye gari. Chagua chanzo kimoja chenye jina la mwandishi, toka kwenye makundi mengine matatu, na Jumamosi nenda Misa ya asubuhi.

Mama mwenye mtoto mchanga asitafute utulivu ambao haupo. Redio ifunguliwe, na akikosa nusu ya somo asijilaumu. Mstari mmoja wa Zaburi unatosha kushinda nao.

Mkulima wa Bahi au Chamwino, msimu wa mvua anaondoka nyumbani alfajiri. Redio ndogo inakwenda naye shambani. Baada ya mavuno, jioni zikiwa ndefu, Biblia na kalenda zinapata nafasi yake, na mtoto anayesoma shule anaweza kuwasomea wote.

Mwanafunzi: simu kwa sasa, lakini nunua Biblia ya vitabu 73 kabla hujamaliza chuo. Na kama kuna TMCS, umoja wa wanafunzi Wakatoliki wa vyuo, au kikundi cha sala chuoni, kitakusaidia zaidi ya video kumi.

Aliyerudi kanisani baada ya miaka mingi asianze na kalenda peke yake, ataona namba tupu. Aanze na Misa moja ya katikati ya juma na tafakari fupi ya maandishi yenye masomo kamili. Waefeso sura ya pili ya Oktoba imeandikwa kama kwa ajili yake.

Katekista wa kigango ambacho padre anafika mara moja kwa mwezi anahitaji Biblia na kalenda kwanza, redio ya pili, na simu kwa ajili ya kuuliza tu. Dominika atasimama mbele ya watu kuongoza ibada ya Neno, na watakaomsikiliza watajua mapema kama alilisoma lile somo Jumatatu au alilifungua akiwa njiani.